Paipu Mbili za Mafuta Mekundu

Sogea hapa, wewe unayesoma, ujihesabu umeketi kwenye tairi kuukuu mbele ya gereji yangu. Nitakueleza jambo hili kama ninavyowaeleza wote wanaokaa hapo: polepole, na spana ikiwa mkononi. Usipoelewa mahali, rudi nyuma usome tena, wala usione haya. Mara nyingi mwenye kosa ni yule aliyeeleza vibaya, na katika habari hii mtu huyo ni mimi.

Naanza na siku ya kawaida, hapa hapa Mikumi. Malori ya kwenda Iringa yalikuwa yamesimama ng'ambo ya barabara, madereva wanakula. Mmoja wao, aliyekuwa ameniachia springi za lori lake, alikuwa akinipigia kelele kila baada ya matonge mawili. Ilikuwa ile miaka biashara ilipofunguliwa. Mahindi hayakununuliwa tena na ushirika peke yake. Yeyote mwenye magunia na gari aliingia mashambani akanunua. Magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Japani, na sisi mafundi tuliolelewa na magari ya zamani tukawa tunajifunza kwa kubahatisha, huku tukijifanya tunajua.

Akafika Chande, mume wa dada yangu Rehema. Alikuwa dereva wa mnunuzi mmoja wa mahindi wa Kilosa, na siku hiyo aliendesha gari jipya la tajiri wake: jeupe, refu kutoka ardhini, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Niliinama dirishani nikaona pedali mbili tu.

"Haina klachi," nikamwambia. "Tajiri wako amekuonea huruma, shemeji. Ameona mguu wa kushoto umezeeka."

"Wangu unapumzika, wako unakanyaga oili," akasema. "Tuulize watu nani amezeeka."

Alikuja kwa ajili ya breki. Paipu ya breki ya gurudumu moja la nyuma ilikuwa imetoboka, na spea ya gari lile haikuwapo Mikumi, wala Kilosa, pengine wala Morogoro. Nikafanya tulichokuwa tukifanya sote. Nilikata paipu kabla ya tundu, nikaikunja ncha mara mbili, nikaigonga kwa nyundo mpaka ikafinyika kabisa. Gurudumu lile likabaki bila breki, lakini matatu yakashika. Nikajaza mafuta ya breki, nikatoa hewa. Chande alilala chini ubavuni kwangu akitazama kila kitu. Alipenda kujifunza.

"Kwa hiyo ikivuja, unaifinya," akasema.

"Ikivuja unaifinya, unafika nyumbani."

Akanyoosha kidole. Juu ya vichwa vyetu zilipita paipu mbili nyembamba za chuma, sambamba, kutoka kwenye giaboksi kwenda mbele.

"Na hizi mbili?"

Nilikuwa nazijua. Ningeweza kumweleza kwa dakika tatu. Lakini yule wa springi alikuwa ameshanawa mikono na amesimama juu ya miguu yangu akihema.

"Hizo achana nazo," nikasema, nikatoka chini ya gari.

Ziweke hizo dakika tatu pembeni. Tutazirudia.

Rehema na Chande waliishi Kambi Namba Tatu, kusini ya Kilosa, kando ya barabara ya kuja Mikumi. Ilikuwa kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge. Babu yetu alikuja pale kukata mkonge na hakurudi kwao. Mimi na Rehema tulizaliwa katika nyumba zile za mstari. Shamba lilikufa zamani. Mkonge ukageuka pori, reli ndogo za toroli zikafunikwa na majani, na watu wakalima mahindi katikati ya mistari ya zamani. Wafugaji nao walifika na ng'ombe, wakaishi upande wa mto. Kwa miaka mingi ugomvi ulikuwa wa kawaida: ng'ombe wameingia shambani, mwenye ng'ombe analipa debe kadhaa, watu wanasalimiana tena.

Kisha zikaja habari kwamba shamba litauzwa kwa tajiri. Kila upande ukakimbilia kutafuta karatasi ya kuthibitisha kwamba eneo ni lake. Wakulima wakapata barua. Wafugaji wakapata barua. Niliziona zote mbili kwa macho yangu, na zilitaja eneo lile lile. Hakuna aliyewahi kunieleza ziliandikwaje, na mimi ni mtu wa kuuliza. Watu walioamkiana miaka yote wakaanza kutembea na karatasi zilizofungwa kwenye nailoni, wakionyeshana kwa mbali. Tajiri mwenyewe hakuja. Mpaka leo hajaja. Nikifika hapo katika habari hii huwa nakereka mpaka naacha kazi niliyoshika.

Nilikwenda Kambini Ijumaa moja kutengeneza injini ya mashine ya kusaga, nikalala kwa dada. Asubuhi Chande aliondoka kwenda kazini Kilosa. Rehema alinipa uji, akaniuliza lini nitaoa, nikamwambia nikipata mwanamke asiyefanana naye. Akanipiga kwa mwiko.

Kumbe usiku ule vijana wa upande wetu walikuwa wamekwenda mtoni wakakata ng'ombe miguu. Nasema upande wetu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na sitaki uondoke hapa ukidhani mimi natoka upande usio na doa.

Walipokuja wenye ng'ombe, jua lilikuwa limekwisha panda.

Hawakupiga kelele. Hilo ndilo ninalolikumbuka. Nyumba ya kwanza ilishika moto bila sauti ya mtu.

Kisha sauti zikaja zote pamoja.

Nilimshika Rehema mkono tukakimbilia nyuma ya mashine. Watu walipita wakikimbia, wengine kwenda, wengine kurudi. Nikaona panga. Nikaona mkuki umelala chini bila mwenyewe.

Gobori likalia.

Rehema akakaa chini, kama mtu aliyechoka.

Magobori yalikuwa mawili tu Kambini, yote ya walinzi wetu wa mashamba. Wenye ng'ombe hawakuwa nalo hata moja. Sijawahi kujua nani alifyatua, wala alikuwa akimlenga nani. Vipande vya chuma vilimwingia ubavuni na kwenye nyonga. Nilimfunga kwa kanga zake mbili, kisha kwa shati langu, na damu ikaendelea kuja polepole.

Barabara ya Kilosa ilikuwa imefungwa. Kwenye daraja walikuwa wamesimama wa pande zote mbili, na hakuna aliyepita. Ya kufika hospitali ikabaki njia ya Mikumi, vilima na mawe, saa mbili na nusu kwa gari zima. Gari lenyewe hapakuwa nalo.

Nikasikia injini katikati ya mkonge.

Chande alikuwa amesikia habari mjini. Alipokuta daraja limefungwa, alivukia kijito mahali penye mchanga, akakata kupitia shambani, akafuata njia ya zamani ya toroli. Aligonga kila kitu. Gari lilitokea nyuma ya mashine likiwa na majani ya mkonge kwenye kioo. Alimwona mkewe, akashuka. Akazunguka, akachungulia chini ya gari, akachukua koleo na nyundo, akaingia chini.

Mimi nilikuwa nalaza mbao kwenye kiti cha nyuma ili Rehema alale. Nikasikia nyundo ikigonga chuma. Mara tatu, nne. Akatoka akijipangusa mikono kwenye suruali.

Sikumuuliza. Mimi, fundi, nilisikia nyundo chini ya gari na sikuuliza.

Tukaondoka kuelekea Mikumi; njia ya toroli aliyojia ilikuwa imeshajaa wapiganaji. Nyuma yetu moshi ulipanda pahali pengi. Chande aliendesha vizuri, sitamnyima hilo. Mimi nilikaa sakafuni nyuma, mkono wangu ukiwa juu ya kanga, nikibana. Hatukuzungumza. Baada ya muda Rehema akafungua macho.

"Mbona hamgombani?" akauliza.

"Tugombanie nini, dada?"

"Chochote. Ninyi mkinyamaza naogopa."

Basi nikamwambia Chande anaendesha kama anabeba mayai ya kuazima. Akanijibu kwamba yeye angalau ana leseni. Rehema akafumba macho, na uso wake ukalegea kidogo.

Tulipoanza kupanda vilima nikasikia harufu. Kama huijui, ni harufu ya kitu kilichoungua kwenye sufuria halafu kikamwagiwa mafuta ya taa. Injini ikaanza kulia juu, juu zaidi, lakini gari likapunguza mwendo. Likasimama. Chande alikanyaga, injini ikapiga kelele, magurudumu hayakujua.

Nikaingia chini.

Paipu zote mbili za giaboksi zilikuwa zimepasuka mahali pamoja. Kipande cha reli ya toroli, kilichokuwa kimeinuka huko shambani, ndicho kilichozichana. Na zote mbili, kila upande wa ufa, zilikuwa zimekunjwa mara mbili na kufinywa kwa nyundo. Kazi safi. Hata mimi nisingeifanya safi zaidi.

Sasa sikiliza, hizi ndizo dakika tatu nilizokuambia uziweke. Giaboksi ya otomatiki haina klachi ya mguu. Ndani yake mafuta mekundu ndiyo yanayobeba nguvu ya injini. Yakifanya kazi hiyo yanachemka. Kwa hiyo yanatoka kwa paipu ya kwanza, yanakwenda mbele kwenye rejeta kupoa, kisha yanarudi kwa paipu ya pili kulainisha vyuma. Ni mzunguko. Ukifinya paipu ya breki umefunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango minne. Ukifinya hizi umemkaba mtu koo. Ni hilo tu. Mtu yeyote angelielewa.

"Nani amekufundisha kufinya hizi?" nikamfokea nikiwa bado chini.

Miguu yake haikusogea.

"Ikivuja unaifinya," akasema.

Nilitazama mafuta yakidondoka. Kisha nikaanza kuhesabu tulichonacho, kwa sababu kuhesabu vifaa ndiyo njia yangu ya kutolia. Msumeno wa chuma, upo. Koleo, ipo. Galoni moja ya mafuta mekundu, iliyokuja na gari na haijawahi kufunguliwa, ipo, imefungwa nyuma ya kiti. Mpira wa kuungia, haupo. Nilitazama mipira yote ya gari lile. Wa maji ulikuwa mnene mno. Wa petroli ningeukata gari lisingewaka. Nilitukana Japani, nikamtukana tajiri wa mahindi, nikaitukana reli, nikawatukana waliojenga reli.

"Babu yenu ndiye aliyetandika hizo reli," akasema Chande.

"Babu alikata mkonge! Reli walitandika wengine."

"Rehema aliniambia reli."

"Rehema anakosea."

"Sikosei," ikasema sauti kutoka ndani ya gari, ndogo sana.

Hapo ndipo tulipowaona wanakuja. Mwanamume mmoja wa makamo, mrefu, mwenye mkuki, mwanamke, punda wawili wenye mizigo, na ndama wachache. Walikuwa wanapanda kutoka upande ule ule tuliotoka sisi. Wenye ng'ombe.

Chande alishika nyundo.

Yule mwanamume akasimama hatua kumi. Alitazama nyundo. Alitazama damu kwenye mlango. Akamtazama Chande tena, akangoja. Nikaelewa anachongojea, na sijui ulimi wangu ulipata wapi nguvu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema. "Gari imekufa?"

"Imekufa."

"Na huyo ndani?"

"Dada yangu."

"Amepigwa na sisi?"

"Na gobori," nikasema.

Akasonya. Alisonya kama mtu aliyekuta lango la zizi limeachwa wazi. "Magobori ni yenu," akasema. "Mnapigana wenyewe, na nyumba yangu imeungua."

Macho yangu yalikuwa kwa punda. Juu ya mzigo lilikuwa limefungwa bomba la mgongoni la kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, na kwenye bomba lile ulining'inia mpira mweusi, mwembamba, wenye nyuzi ndani, uliotengenezwa kuvumilia msukumo na dawa kali. Nilimweleza. Nilimweleza kama ninavyokueleza wewe: mafuta yanatoka, yanapoa, yanarudi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Ukikata, bomba langu litanyunyizia nini?"

"Halitanyunyizia, mzee. Nitakununulia mpira mwingine. Gereji yangu iko Mikumi."

"Kila mtu leo ananiahidi kitu," akasema kwa hasira, na akaanza kuufungua mwenyewe.

Mkewe alikwenda dirishani akampa Rehema maziwa kutoka kwenye kibuyu. Rehema alilowesha midomo tu.

Nilikata sehemu zilizofinywa. Nikalainisha ncha kwa jiwe, nikazitanua kidogo kwa mdomo wa koleo ili mpira usichomoke. Nikausukuma mpira, nikaufunga kwa vipande vya tyubu na juu yake waya, mahali pawili kila upande. Chande alikuwa amelala ubavuni kwangu, kama siku ile ya Mikumi, akinipa kila nilichotaka kabla sijataja. Paipu ya pili ilinisumbua. Waya ulikatika mara mbili. Niligombana na waya, nikagombana na Chande kwa jinsi anavyoshika taa isiyokuwapo, akanijibu, na juu yetu mara kwa mara tulisikia Rehema akiguna kama anayecheka. Tulijaza mafuta, tukawasha, tukapitisha mkono wa gia kila mahali taratibu ili mafuta yasambae. Jua lilikuwa limeshaanza kurudi chini. Tulipoteza karibu saa tatu pale.

Gari likashika, lakini gia ya chini tu. Vyuma vya ndani vilikuwa vimeshaungua. Tuliwaacha wale watu kwenye vumbi letu na tukatambaa.

Rehema aliniambia tena tugombane. Tukagombana. Tuligombana kuhusu reli na babu, kuhusu deni la kuku wa harusi, kuhusu nani alikuwa wa kwanza kumwambia Rehema kwamba Chande ni mlevi, na Chande akaapa hajawahi kulewa isipokuwa siku aliyokutana na mimi. Alikuwa akipiga usukani kwa kiganja. Nilikuwa nikimjibu kwa sauti kubwa kushinda injini. Barabara kuu ilionekana, na malori juu yake. Nikamaliza kumweleza ubaya wa ukoo wake wote, nikangoja lile guno.

Halikuja.

Chande aliendelea kusema maneno mawili matatu. Kisha naye akangoja.

Tulimzika Mikumi, maana Kambini hakukuwa na pa kurudi. Watu wa pande zote mbili walikufa siku ile na siku zilizofuata. Wakaja askari, wakaja wakubwa, barua zote mbili zikakusanywa. Mkonge uko pale pale. Hakuna aliyesema kwetu kwamba tungewahi. Mimi nilijua saa zile tatu zilitoka wapi, na Chande alidhani anajua.

Aliacha udereva. Akalima matikiti, akafuga bata, akaja gerejini kila Jumapili kukaa bila kusema. Watu walimwambia ni mapenzi ya Mungu, akaitikia. Nilinunua mpira mpya wa bomba la dawa, nikapanda mara nyingi vilima vile nikiuliza. Yule mzee hakuwa ameacha jina, wala mimi sikumuuliza. Mpira bado umening'inia ukutani, nyuma yako hapo, haujatumika. Usiuguse.

Ilinichukua miaka kumsemesha Chande. Siku moja nilikuwa chini ya gari la otomatiki, naye amekaa hapo ulipo, nikasema bila kutoka chini:

"Shemeji, siku ile uliniuliza kuhusu paipu mbili."

"Nilikuuliza."

"Nilikuambia achana nazo."

"Ulikuwa na haraka ya springi," akasema. "Nakumbuka. Nilikuwa nangoja uniambie."

"Miaka yote hii?"

"Ningeenda wapi?" Akainama, akachungulia chini ya gari. "Haya, nieleze sasa."

Nikamweleza. Dakika tatu, hazikufika hata nne. Akauliza maswali mazuri, kama kawaida yake.

Basi na wewe ushike. Ukikuta paipu ya kupozea giaboksi imepasuka, usiifinye, na usiendeshe hata hatua mia. Zima injini. Kata sehemu iliyoharibika, lainisha ncha, zitanue kidogo. Unga kwa mpira unaovumilia mafuta ya moto, mbali na eksozi, klipu mbili kila upande. Jaza mafuta mekundu, washa, pitisha gia zote, kisha pima mafuta kwa kijiti chake injini ikiwa inaunguruma. Na mtu akilala chini ubavuni kwako akanyoosha kidole kuuliza, weka spana chini umjibu.